Mayai ya Siku ya Kumi

Ilunga, mwanangu,

Treni yako inaondoka kesho saa moja asubuhi, na tangu kulipokucha leo mama yako hajakaa chini. Amefunga sanduku, amelifungua, amelifunga tena. Sasa yuko nyuma ya nyumba anakaanga samaki wa Kasenga utakaokula njiani, na harufu imewaleta majirani wote uani, kila mmoja akidai amekuja kukuaga. Wewe umekwenda misheni kumuaga padri. Jua bado liko juu. Nimechukua kalamu, nimefunga mlango, na mama yako nimemwambia kwamba namalizia ripoti ya kazi. Ni uongo mdogo. Nautumia kukuandikia habari za uongo wangu mwingine, ambao haukuwa mdogo.

Sitakuambia uvae sweta ukiwa melini, wala usile ovyo ukifika bandarini Port-Francqui. Hayo mama yako atayasema mpaka filimbi ya treni imnyamazishe. Mimi ninataka kwanza ujue jinsi nilivyofurahi, kwa sababu nikiwa mbele yako huwa najifanya mtu wa kawaida. Nimefurahi mpaka nimekuwa kero mtaani. Jana nilimwambia muuza mikate, ambaye hata hakuniuliza, kwamba mwanangu anakwenda Léopoldville kusomea uganga katika chuo kikuu, na kwamba akimaliza hatakuwa wa kuangalia watu ndimi na kugawa vidonge. Atatafuta virusi vya homa ya mafua.

"Miaka yote ile atasoma, ju ya mafua tu?" akaniuliza.

"Ju ya mafua," nikasema. "Kaa chini, nikuelezee."

Hakukaa. Alisikiliza amesimama, na wateja wake wakapita wakaenda kwa mwenzake.

Ningekuwa na muda ningemweleza pia habari za mama yangu, ambazo hata wewe nimekupa vipande tu. Nilikuwa mtoto, tunakaa kambi ya wafanyakazi wa reli, homa ile kubwa ilipoingia mjini mwishoni mwa vita vya kwanza vya Wazungu. Baba yangu, ambaye unabeba jina lake, alikuwa akitandika reli na alirudi kila jioni akiwa mzima. Mama yangu, ambaye hakutoka nje ya kambi, ndiye aliyelala Jumanne na kufa Ijumaa. Nyumba ya kushoto walikufa watatu. Nyumba ya kulia hakukohoa hata mmoja. Watu wakubwa walitafuta aliyetuloga. Mimi nilikaa kizingitini nikiangalia nyumba ya kulia, na nilitaka kujua kitu kimoja tu: hicho kinachopita kimewarukaje hawa? Nimezeeka na swali lile. Wewe unakwenda kulipeleka darasani, na ndiyo maana kila nikiliona sanduku lako moyo unanidunda.

Kazi ya maabara niliianza nikiwa muosha chupa, hilo unalijua. Usichokijua ni kwamba nilipandishwa kwa sababu ya macho. Daktari yule mrefu, ambaye watu wa hapa walimpa jina la Bwana Mayai, alikuwa amechoka kuharibu mayai. Virusi vya mafua haviwezi kuoteshwa juu ya supu kama vijidudu vingine. Vinataka kitu kilicho hai. Kwa hiyo mgonjwa anasukutua koo kwa maji ya chumvi, anatema kwenye kikombe, na maji yale yanadungwa ndani ya yai lenye kifaranga kinachoanza kuumbwa. Siku moja nilipokuwa nafuta meza nilimwona amepanga mayai aliyoletewa na Mzungu mmoja mwenye shamba, meupe, mazuri, yote sawasawa. Nikamwambia:

"Docteur, hii yote haina kitu. Kule kwa ule muzungu jogoo haiko."

Akayamulika. Hayakuwa na kitu. Tangu siku ile mayai yakawa yangu, na wewe ukaitwa mutoto wa kuku shule nzima. Nisamehe hilo kwanza, ni jepesi.

Nilijifunza kumulika mpaka nikawa nasoma yai kama wewe unavyosoma gazeti. Unaweka taa ndani ya kopo lenye tundu, unaliweka yai juu ya tundu, chumba kikiwa na giza. Siku ya nne unaona mishipa imeanza kutambaa. Siku ya kumi mishipa imejaa, myekundu, na katikati kuna kivuli kidogo kinachocheza. Hiyo ndiyo siku yenyewe. Yai la siku ya sita ni changa mno. Yai la siku ya kumi na sita, kifaranga kimekwisha kuota manyoya, na virusi havikui humo kama inavyotakiwa. Kwa hiyo kila yai liliandikwa siku yake kwa penseli, na aliyeandika ni mimi. Katika taarifa za Daktari zilizokwenda Ulaya, jina langu halikuwamo hata mara moja. Lakini kila alipoandika kwamba amekiona kitu au hakukiona, maneno yake yalisimama juu ya penseli yangu.

Sasa nakuja kwenye ile wiki. Unaikumbuka kwa upande wako, ukiwa kitandani. Nitakupa upande wangu.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka juzi, wakati homa iliyotoka Asia ilipokuwa ikivuka nchi baada ya nchi na redio ikiitaja kila siku. Daktari alikuwa kama mtu anayengojea mgeni wa heshima. Aliposikia kwamba wauza samaki wa Kasenga wanakohoa, alipakia vikombe vyake garini akaenda huko, akaniacha na mayai kumi na mawili katika kabati la joto, ambalo yeye aliliita étuve. "Kabamba," alisema, "Jumatatu nitayataka." Jumatatu ndiyo ingekuwa siku yao ya kumi.

Jumamosi mchana umeme ukakatika. Nilingoja saa moja, nikangoja ya pili, nikaweka mkono ndani ya kabati nikasikia linapoa. Hakukuwa na mtu wa kuuliza. Nikayafunga mayai kwa blanketi, nikayaweka ndani ya kikapu, nikapanda baiskeli kuja hapa Kasungami polepole kama mtu aliyebeba maji kichwani. Nyumbani kulikuwa na yule kuku wetu mwekundu tuliyemwita Madame, kwa vile alivyotembea. Alikuwa anaatamia mayai yake katika chumba kidogo. Nikamwondolea yake nikamwekea ya serikali. Aliniangalia kwa dharau, kisha akajikunjua akakalia. Nilisimama pale nikicheka peke yangu. Nilijiona nimeshinda umeme.

Saa kumi lori la makaa likafika kutoka Lukafu, na juu yake alikuwa kambo wako, mama mzazi wa mama yako, ambaye hakuwa ametutembelea kwa miaka mitatu. Furaha ilikuwa kubwa. Mama yako alimpa maji ya kuoga, akampikia, akamtandikia kitanda kwenye chumba kidogo, maana chumba kingine cha wageni hatuna.

Wewe umekulia mjini na buko yetu unaichukulia kama mchezo wa wazee. Kwetu sisi mkwe haingii mahali alipolala mama mkwe wake. Haangaliani naye usoni, hali naye, hamtumii neno lisilokuwa na adabu. Nilipita dirishani mara mbili, nikamsikia Madame analalamika kwa sauti ndogo. Ningeweza kumwita mama yako kando nikamwambia: mwambie mama asimguse kuku. Maneno machache tu. Lakini niliona haya kumtuma mwanamke akamwambie mama yake, aliyevumilia vumbi la Lukafu siku nzima, kwamba alale na kuku na amheshimu kuku huyo. Nikanyamaza. Nikajiambia kwamba mwanamke wa shamba anajua kuku anayeatamia hasumbuliwi.

Asubuhi nilimkuta Madame nje, chini ya dirisha, amejikunyata. Mama yako akanieleza akicheka: "Mama anasema utitiri ya kuku ilimuuma sana, akaitosha kuku inje. Lakini mayayi alifunika muzuri na kitambaa."

Aliyafunika vizuri kweli. Yalikuwa ya baridi kama mawe. Niliyamulika yote kumi na mawili nyuma ya mlango wa jikoni. Mishipa ilikuwa imezama, na hakuna kivuli kilichocheza.

Mpaka hapo, mwanangu, sikuwa nimemkosea mtu. Umeme si wangu, na kambo wako alikuwa na haki ya kulala. Kosa lilianza nilipochukua kikapu nikazunguka Kasungami kuomba mayai kwa kila mwenye kuku anayeatamia. Niliyapata kumi na mawili. Nikawauliza wenyewe yana siku ngapi. Mmoja alisema wiki, mwingine alisema tangu mwezi ulipoandama, mwingine alinicheka. Nikayamulika, nikaona yako hai, mengine yamejaa giza la kifaranga kikubwa. Nilijua maana ya giza lile. Nikachukua penseli nikaandika juu ya kila moja: siku 10.

Umeme ulirudi Jumapili jioni, nikayarudisha kabatini. Jumatatu Daktari akafika amechoka, macho yanang'aa. Alikuwa na vikombe vya Kasenga, namba moja mpaka kumi na mbili, lakini barafu yake ilikuwa imeyeyuka njiani na hakuvitumainia. Asubuhi ile ile alipita shuleni kwenu, ambako alisikia wavulana wa bweni wameanza kukohoa, akachukua vikombe vinane, kumi na tatu mpaka ishirini. Nilipoyamimina maji yake katika vichupa, niliandika juu yake namba tu. Majina alikuwa nayo yeye, ndani ya daftari lake.

Alisimama mbele ya kabati akaniuliza, kwa Kiswahili chake:

"Kabamba, mayai iko muzuri?"

Nikasema: "Ndiyo, Docteur."

Nimelirudia jibu lile mara nyingi kuliko sala yoyote. Ungefikiri niliogopa kufukuzwa. Hapana, hakuwa mtu wa kufukuza ovyo. Niliogopa kuonekana mtu wa kijijini, yule anayepeleka kazi ya sayansi chini ya kuku, kisha akashindwa kumwambia mama mkwe neno moja. Nilitaka aendelee kufikiri kwamba macho yangu hayakosei. Kwa hiyo nilimpa sifa yangu badala ya kumpa habari.

Alidunga mayai kwa maji ya vile vikombe vinane vya shuleni. Alhamisi tuliyafungua, tukavuta maji yake, tukayachanganya na chembe nyekundu za damu ya kuku katika vioo vidogo, tukangoja. Unajua kinachotazamwa, nimekuonyesha mara nyingi. Kama virusi havimo, chembe zinateleza chini zinakusanyika kuwa kitone chekundu, kidogo, cha mviringo. Kama vimo, vinazishika chembe zisiteleze, nazo zinabaki zimetandazika sakafuni kwa kioo. Vioo vyote vinane vilionyesha kitone. Daktari alishusha mabega. Akaandika kwamba wavulana wana mafua ya kiangazi, na shule iendelee. Mkalala bweni lile lile, vitanda vimegusana.

Jumapili nikaitwa. Nusu ya bweni mlikuwa mmelala chini ya blanketi, midomo imekauka. Wewe ulinitambua ukaniomba maji. Kitanda cha pili alikuwa Mutombo, rafiki yako, yule mwana wa karani kutoka Kasai aliyekufundisha hesabu za herufi. Hakuniomba kitu. Kifua chake kilikuwa kinatoa mlio, na midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Rangi ile niliijua. Niliiona kwa mama yangu nikiwa mtoto.

Kulipokucha Jumatatu nilikuwa mlangoni kwa Daktari kabla hajafungua. Nilimweleza yote, umeme, Madame, mama mkwe, penseli. Niliyasema kwa Kifaransa ili nisijifiche nyuma ya Kiswahili chake kibovu. Alikaa juu ya kibao cha maabara. Akaniuliza jambo moja:

"Mate ya batoto ingali kwa barafu?"

"Iko, Docteur. Nusu ya kila kikombe. Niliiweka miye mwenyewe."

"Basi tunaanza tena. Na kwa daftari utaandika weye, na mukono yako."

Nikaandika. "Mayai haya hayakuwa ya siku ya kumi, Kabamba alijua." Ndiyo mara ya kwanza jina langu kuingia katika karatasi za maabara. Lile shamba la Mzungu lilikuwa limekwisha kununua majogoo, na walikuwa na mayai ya siku ya kumi kamili. Tulidunga saa nne. Siku hiyo hiyo Daktari alikwenda shuleni kuomba bweni litawanywe, bila kungojea vioo, kwa neno lake tu. Nawe ukahamishiwa hospitali.

Mutombo alikufa Jumatano. Tulimzika jioni ile, wewe ukiwa na homa kali hata hukujua.

Alhamisi nikarudi kwenye vioo. Kumi na tatu, kitone. Kumi na nne, kitone. Kumi na tano na kumi na sita vivyo hivyo. Nikainua kumi na saba, nikaisogeza dirishani, na chembe zilikuwa zimetandaa. Hazikuteleza. Zilikuwa zimeshikwa, pazia jembamba jekundu chini ya kioo, mara ya kwanza katika mji huu, na lililoonwa kwanza na macho yangu. Ilunga, sijapata furaha kama ile, hata siku ya ndoa yangu. Niliruka. Niliimba. Nilimshika Daktari mkono bila ruhusa nikamvuta dirishani, naye akaruka pia, mtu mzima na urefu wake wote. Kile kitu kilichopita nyumba ya kushoto kikaruka nyumba ya kulia, nilikuwa nimekishika katika kioo cha ukubwa wa kidole.

"Na kumi na munane nayo," akasema. "Angalia."

Kisha akafungua daftari la majina ili aandike. Akasoma. Akaligeuza daftari nilione mwenyewe. Kumi na saba, Ilunga. Kumi na nane, Mutombo.

Nilikuwa nimeimba kwa sababu ya ugonjwa wa mwanangu, na wa mtoto tuliyemfukia jana yake.

Wewe ulipona. Ulipoweza kukaa, kitu cha kwanza ulichoniomba ni kukuonyesha yai, na tangu siku hiyo hukuniacha nipumzike kwa maswali. Kwa nini mafua ya mwaka huu hayakumbukwi na miili iliyougua ya miaka iliyopita? Kwa nini virusi vinabadilika kila mara? Sijui, nilikuambia, na hata Daktari hajui yote. Hilo ndilo linalonipa furaha leo. Unakwenda kwenye kazi ambayo kitu chenyewe hakitakaa kikungoje. Utakishika mwaka mmoja, mwaka unaofuata kitakuja kimebadilika, nawe utalazimika kuanza na yai jipya. Utazeeka bila kuchoshwa. Na jina lako litakuwamo kwenye taarifa, juu kabisa, si chini ya penseli.

Lakini hukuwahi kujua kwamba kulikuwa na siku saba kati ya jibu langu na ukweli. Mutombo angepona kama bweni lingetawanywa mapema? Nimemuuliza Daktari kabla hajarudi kwao Ulaya, akasema hakuna anayeweza kujua. Nimekubali kwamba sitajua. Sikukubali kwamba wewe usijue. Baba yake Mutombo nilimwendea mwaka jana, nikamweleza nikiwa nimesimama. Hakunikaribisha kiti, wala sikukitarajia. Wewe nilikuogopa zaidi kuliko yeye.

Furaha ile ya dirishani utaipata, mwanangu, na utaipata mara nyingi kuliko mimi. Usiikatae. Ruka, imba, mshike mwenzako mkono. Ila mimi tangu siku ile kila nikiona kioo kimetandaa, nalifungua daftari la majina kabla sijafungua mdomo.

Daktari alivipeleka vichupa vile viwili Léopoldville kwa ndege, ndani ya barafu kavu. Aliniambia vimehifadhiwa kwenye maabara ambayo wanafunzi wa chuo chenu watafanyia mazoezi. Siku moja utafungua kabati la baridi, utakuta kumi na saba na kumi na nane vimekaa pamoja kama vitanda vyenu. Mwandiko juu yake ni wangu.

Ndani ya sanduku, chini ya mashati, nimeweka kopo langu la kumulikia. Wenzako watalicheka. Barua hii nitamkabidhi mama yako aitie kwenye kifurushi cha samaki, uipate ukishapita Kamina, mbali kiasi cha kutolazimika kunisamehe kwa haraka kwenye jukwaa la stesheni. Nasikia mlango wa uani, nadhani umerudi, na kambo wako, aliyekuja kukuaga, anakuita uje uonje samaki.

Ukiwa na hasira, ziandike. Ukiwa na swali, liulize, hata likiwa gumu. Ukishindwa kuandika kwa muda, nitangoja. Lakini siku utakayochukua kalamu, usianze na "Ndiyo, Baba". Niandikie ulichokiona.

Baba yako,
Kabamba